Duka la samaki wa mapambo Kisumu lililokataa pesa zangu

Mimi huuza samaki waliokufa. Ngege wa kukaanga, mbuta wa mchuzi, omena wa nyanya na kitunguu: hiyo ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu, na hoteli yangu ndogo hapa Kondele watu huijua kwa hilo. Kwa hivyo nilipopanda ngazi za duka linalouza samaki hai wa kutazamwa tu, nilipanda na jicho la Dunga alfajiri, soko letu la samaki ufuoni mwa Ziwa Victoria, lile la kumwambia mchuuzi "huyu ni wa jana" kabla hajataja bei.

Duka lenyewe liko katikati ya mji, kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Oginga Odinga, ghorofa ya kwanza, juu ya fundi wa simu. Jina silitaji. Nina ya kusifu na nina ya kulaumu, na haya ya kulaumu nataka yarekebishwe, sitaki yamkatie mtu riziki. Ukifika ngazini fuata sauti ya mapovu.

Mara ya kwanza sikuzungumza na mtu. Nilitembea kati ya matangi nikikagua. Samaki wa soko unamfunua shavu uone kama matamvua bado ni mekundu, unambonyeza ubavu, unamnusa. Huyu wa ndani ya kioo hashikiki, ila anasomeka. Pezi la mgongoni limesimama au limelala? Anazunguka na wenzake au amejibanza pembeni? Anapanda juu kila saa kutafuta hewa? Magamba yamelala sawasawa ubavuni au yametutumka? Jicho lina ukungu? Halafu nikainamia matangi mawili matatu nikayanusa, kijana wa duka akinitazama kwa mashaka. Maji mazuri hunuka udongo uliolowa. Maji mabaya yana ule ukali ambao mtu wa biashara ya samaki haambiwi mara mbili. Haya yalikuwa mazuri.

Niliona pia kwamba kila tangi lina wavu wake mdogo, haushirikiwi, ili ugonjwa wa huku usihamie kule. Na nyuma, chini ya rafu, palikuwa na matangi yaliyobandikwa utepe mwekundu: HAWAUZWI. Ni samaki waliotoka Nairobi kwa basi la usiku, ndani ya mifuko ya plastiki iliyotiwa oksijeni, na mwenye duka huwaweka hapo wiki mbili hivi awaangalie kwanza. Mchuuzi anayekubali kukaa na mali wiki mbili bila kuiuza, mimi humwamini kuliko anayeniapia kwa Mungu.

Nilitaka samaki wa dhahabu sita, pamoja na bakuli la kioo la duara, niliweke kwenye kaunta pale wateja wanapolipia. Pesa nilikuwa nazo. Mwenye duka, mtu wa makamo, mpole, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, akaniuliza, "Mama, unataka wakae nawe muda gani?"

Nikamwambia, "Mpaka wafe."

"Kwa bakuli hilo si mbali. Ukiwaweka sawa, hata mjukuu wako atawarithi."

Nilidhani ni maneno ya biashara, kumbe ni kweli tupu. Samaki wa dhahabu aliyetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15 bila ajabu yoyote, na wapo wanaovuka 20. Yule aliyeingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness, samaki wa Uingereza aliyeitwa Tish, alitolewa kama zawadi ya mchezo kwenye maonyesho mwaka 1956 na akafa 1999, akiwa na miaka 43. Hebu hesabu hiyo kwa kalenda yetu: alianza Kenya ikiwa bado koloni, akapita uhuru, akampita Mzee Kenyatta, akafa wakati Moi bado yuko Ikulu. Na wengi wetu tunawajua samaki hawa kama kitu cha kufa ndani ya wiki mbili, ndiyo maana tunawanunua bila kuuliza lolote.

Basi akakataa kuniuzia bakuli, na samaki pia akakataa, si leo, akasema. Nilikasirika kidogo. Mimi mteja akija na pesa huwa simwambii arudi mwezi ujao.

Sababu zake zilikuwa hizi. Samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula. Anachomeza hupita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hivyo akipewa nafasi hula siku nzima na kuchafua siku nzima. Juu ya hayo, amonia humtoka kwenye matamvua anapopumua. Ukimtia kwenye bakuli la lita tano, anaogelea ndani ya choo chake mwenyewe, na amonia hiyo humchoma matamvua mpaka kupumua kwenyewe kumshinde. Bakuli la duara lina ubaya mwingine: ukilijaza, mdomo wake umebanwa, na hewa huingia majini kupitia pale juu tu. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli hayo mwaka 2005.

Hapa naanza kulaumu. Kama mwenye duka anayajua haya yote, kwa nini mabakuli yamepangwa mlangoni, kitu cha kwanza mteja kuona? Nilimuuliza. Akasema watu huyanunua kuweka peremende na maua. Sawa, lakini yale ya mlangoni ameyatia mawe ya rangi na samaki wa plastiki. Hakuna anayeyaona hayo akafikiria peremende.

Alichoniuzia siku hiyo ni tangi la kioo la lita 150 na kitu, filta ya sifongo mbili, pampu ya hewa, na chupa ya matone ya kuua klorini. Tangi lilinigharimu Sh14,000 pamoja na mfuniko, bei ambayo ni juu kidogo ya Nairobi, lakini ukijumlisha nauli ya kulisafirisha na hatari ya kupokea vipande, si mbaya. Kabla hajapokea pesa aliuliza litakaa juu ya nini. Lita 150 za maji ni kilo 150 kabla hujahesabu kioo na mawe, na meza zangu za hoteli hutetemeka hata kwa sahani ya ugali. Akanichorea vipimo kwenye karatasi ya risiti, nikampelekea fundi wa kuchomelea hapa jirani, akanitengenezea stendi ya chuma. Inasimama mpaka leo.

Halafu nikaambiwa nisubiri. Hapa ndipo penye siri yote ya kufuga samaki hawa, na ndipo maduka mengi hunyamaza kwa sababu kusubiri hakuuziki. Maji mapya ni maji matupu. Ndani ya tangi lililokomaa kuna bakteria wa aina mbili: wa kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, wa pili huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo haidhuru sana isipozidi. Bakteria hawa hukaa hasa kwenye sifongo la filta, na kuongezeka kwao huchukua wiki 4 hadi 8. Mwenye duka alikata kipande cha sifongo kichafu kutoka filta yake ya zamani, akakitia kwenye mfuko wenye maji ya tangi lake, akaniambia nikifunge ndani ya filta yangu siku hiyo hiyo kabla hakijakauka. Kipande hicho hakukitoza hata shilingi. Kisha nitie chembe chache za chakula kila siku zioze, ili bakteria wapate amonia ya kula.

Kwa hivyo kwa zaidi ya mwezi hoteli yangu ilikuwa na tangi lenye maji, taa, mapovu na hakuna samaki. Wateja walinifurahia. "Mama, samaki wako wamejificha?" "Mama, hiyo supu iko tayari lini?" Mwendesha boda mmoja alikuwa akifika, anaegemea kioo, anaagiza ngege kisha anaelekeza kidole tangini: "Na mimi nipikie wa huku." Kila wiki nilijaza chupa ndogo ya maji nikaipeleka dukani, akayapima kwa matone: yakibaki manjano hakuna amonia, yakigeuka kijani ipo. Kupima ni bure, hata kama siku hiyo hununui kitu. Mara kadhaa yalitoka kijani akanirudisha nyumbani mikono mitupu. Siku yalipotoka manjano, na naitriti pia haipo, akanipa samaki wawili. Nilitaka sita. Akanipa wawili.

Hesabu yake ni hii: wale wa tumbo la duara na mkia uliogawanyika, lita 75 za kuanzia kwa mmoja, na 40 hivi kwa kila anayeongezeka. Wale wembamba wa mkia mmoja hawafai tangi la hotelini kabisa. Hao ni wa kidimbwi. Nilipomwambia kwamba hawa niliowanunua hawafiki urefu wa kidole changu cha shahada, akaniuliza, "Mama, ulizaa mtoto wa futi sita?"

Wamekua. Sh350 nililipa kwa kila mmoja wakiwa vidole, na sasa yule mwekundu anajaza kiganja changu, na kiganja changu ni cha mtu wa kusonga ugali wa watu hamsini. Wenye tumbo la duara hufika sentimita 15 hadi 20. Wa mkia mmoja hufika 30. Hukua kwa kasi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha polepole maisha yao yote. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Ugenya alimkazia macho huyo mwekundu, akaniuliza kwa upole, "Nyathina (mwanangu), huyu mnamwekea mgeni gani?" Nilipomjibu kwamba haliwi, alinitazama kwa muda, kisha akauliza habari za watoto.

Nimemtaja kijana wa duka. Mwenyewe asipokuwepo, duka ni jingine. Nilikuwa pale kupima maji mama mmoja alipoingia na mtoto wa shule. Kijana akawauzia bakuli la mlangoni na samaki watatu wa mkia mmoja, akawaambia, nilisikia kwa masikio yangu, "Hawakui kupita bakuli, hujipima wenyewe." Uongo huu umezunguka dunia nzima. Samaki hajipimi. Maji machafu na nafasi finyu humdumaza, na aliyedumaa hufa mapema. Nilimfuata yule mama ngazini nikamweleza. Alirudi akachukua ndoo kubwa ya plastiki badala ya bakuli, na samaki mmoja. Ndoo si tangi, lakini lita 60 si lita 5. Kijana hakunifurahia na sikumlaumu, kwa sababu nadhani analipwa kwa anachouza. Mwenye duka, ukisoma haya: mfundishe huyo kijana au mwondolee hayo mabakuli.

Kijana huyo huyo hupenda kukuongezea yule samaki mweusi anayenata kwenye kioo, eti atakusafishia tangi. Mwache. Usiku huwanata hawa wa dhahabu ubavuni na kula ute wao, na kinyesi chake mwenyewe si kidogo. Hupenda kukuuzia pia mawe madogo ya rangi. Samaki wa dhahabu hutafuta chakula kwa kuchota mawe mdomoni na kuyatema, na jiwe la ukubwa mbaya humkwama. Mimi nina mchanga laini chini, basi. Mawe yangu ya kwanza mwenye duka aliyapokea bila ubishi akanirudishia pesa kwa M-Pesa pale pale.

Sasa Kisumu yenyewe. Samaki huyu ni wa maji baridi. Wachina walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kutoka samaki wa rangi ya kijivu na kahawia, wa ukoo mmoja na ningu, samaki wa ziwa letu. Hupendelea nyuzi 18 hadi 23 hivi. Kisumu tuko mita 1,130 tu juu ya bahari, na mchana wa Februari unakaribia nyuzi 30 au kuzipita. Dada yangu aliyeolewa Nakuru, mita 1,850, ana samaki kama hawa na hajui shida ninayoisema. Shida si joto peke yake. Maji yakipata joto hubeba hewa kidogo: usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni, ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu, na huku kwetu juu hupungua zaidi. Na samaki aliyepata joto huhitaji hewa nyingi zaidi.

Nilikuwa nimepanga tangi likae ukuta wa jikoni, karibu na soketi. Mwenye duka alipokuja kulipanga (hutoza Sh500 ndani ya mji, na hufika saa aliyosema), aliweka mkono kwenye ule ukuta, akauondoa, akasema hapana. Likahamia upande wa mlango wa nyuma kwenye kivuli. Hita hakuniuzia, ingawa anazo rafuni na mteja wa kawaida angeambiwa ni lazima. Siku za joto kali naweka wavu badala ya mfuniko, feni ndogo inapuliza juu ya maji, na pampu ya hewa haizimwi. Maji hupungua upesi kwa kuvukiza, naongeza.

Kuna pia stima. Usiku mmoja ilipotea mtaa mzima, feni kimya, pampu kimya, na nilipomulika kwa simu niliwaona wote wawili wamepanda juu wanapiga midomo. Nikampigia mwenye duka, ilikuwa saa tano na kitu. Alipokea. Akaniambia nichukue kikombe, nichote maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, mara nyingi, na nisiwape chakula mpaka stima irudi. Tulifanya hivyo kwa zamu, mimi na msichana wangu wa jikoni, mpaka taa zikawaka. Kesho yake nilinunua kwake pampu ndogo ya betri kwa Sh1,200. Hiyo inapaswa kuuzwa pamoja na tangi tangu mwanzo katika mji wetu, na sielewi kwa nini hakunitajia.

Maji ya mfereji ya KIWASCO hutiwa klorini, kama inavyopaswa. Inatulinda sisi na kipindupindu, lakini huwaua bakteria wa filta na kuwachoma samaki matamvua. Mimi huyaweka kwenye pipa usiku kucha bila kifuniko, na bado natia matone. Kila wiki natoa robo ya maji ya tangi na kurudisha mapya yenye joto sawa na yale ya ndani. Sifongo la filta nalikamulia kwenye ndoo ya maji niliyotoa, kamwe si chini ya mfereji, maana ukiliosha kwa maji ya klorini umefuta kazi ya mwezi mzima. Yale maji machafu namwagia sukuma wiki nyuma ya hoteli. Naitreti ni mbolea, na ile sukuma imeanza kuulizwa na majirani.

Chakula ndicho kilichonipa kazi kubwa, kwa sababu ya wateja. Mtu akila ugali mbele ya kiumbe chochote chenye mdomo lazima amgawie. Ugali huzama, huoza chini, amonia hupanda. Nilibandika karatasi: USIWAPE UGALI, WAMESHIBA. Karatasi haikusaidia mpaka nilipoweka kufuli kwenye mfuniko. Wao hula chembe kidogo asubuhi na jioni, kiasi wanachomaliza kwa dakika moja mbili, na mara moja kwa wiki njegere iliyochemshwa, kuondolewa ganda na kupondwa. Chembe za kuzama ni bora kuliko zinazoelea, hasa kwa hawa wa tumbo la duara, ambao wakila juu ya maji humeza hewa na kuanza kuelea kiubavu. Nilipouliza kuhusu omena aliyesagwa, maana ninao gunia zima, mwenye duka alisema hatawaua, ila huchafua maji haraka, nijionee. Sijaona haja ya kujionea.

Lawama nyingine iko hapa. Chakula dukani hupimwa kutoka kopo kubwa na kufungwa kwenye vifuko vyeupe vya Sh100, bila jina wala tarehe, na vifuko hivyo vimening'inizwa dirishani kwenye jua. Vitamini C ya chakula hiki huharibika kwa mwanga na hewa. Mimi husema, nipimie kutoka kopo, nione tarehe. Huwa anakubali bila kununa, lakini mteja asiyejua kuuliza anapewa cha dirishani.

Kwa yote hayo, nitaeleza tukio lililonifanya niendelee kupanda zile ngazi. Mwaka uliopita yule samaki mweupe alitokwa na vidoa vidogo vyeupe kwenye mashavu na kwenye ukingo wa mapezi ya mbele. Nilikuwa nimesikia habari za ugonjwa wa vidoa vyeupe, ambao huua tangi zima. Nikapiga picha, nikaenda dukani. Kijana alikwishatoa chupa ya dawa, Sh850, ameitia kwenye karatasi, nikiwa nimeshaandika namba ya kulipia. Mwenye duka akatoka nyuma akiwa na mikono yenye maji, akaomba simu yangu, akaikuza ile picha. Akauliza: vidoa viko mwilini na mkiani pia? Hapana. Anajikuna kwenye mawe? Hapana. Anakula? Anakula kushinda mwenzake. Anamfukuza mwenzake? Ndiyo, tangu juzi.

"Hana ugonjwa. Ni dume, Mama, na huyo mwenzake ni jike."

Vidoa hivyo huwatokea madume wakiwa tayari kuzaana, vigumu ukivigusa, vimepangika mashavuni na kwenye pezi la mbele, na baadaye hupotea. Ugonjwa wenyewe hutapakaa mwili mzima ovyo, na samaki hujikuna na kukosa hamu ya kula. Akairudisha dawa rafuni. Siku chache baadaye kulikuwa na mayai yamenata kwenye mimea, na kufikia jioni wazazi wenyewe walikuwa wameyala karibu yote. Machache niliyookoa kwenye beseni yalitoa watoto weusiweusi wa kahawia. Wateja wakasema nimedanganywa, hao si wa dhahabu, ni fulu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ndivyo wanavyozaliwa, rangi huja miezi baadaye, na wengine haiji kabisa.

Wale watoto walipokua niliwapeleka dukani, na hapo nilijua jambo ambalo lingepaswa kuandikwa mlangoni mahali pa yale mabakuli. Duka hupokea samaki waliozidi au waliokua kupita tangi, na hukupa nusu ya bei yao kama mkopo wa bidhaa. Mwenyewe anasema afadhali hasara hiyo kuliko mtu kwenda kuwamwaga Dunga. Mimi naishi kwa ziwa hili na nilimwelewa mara moja. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi sana za fulu zilikuwa zimekwisha. Mbuta ananilisha, sitamtukana, lakini fulu wa utotoni sitawaona tena. Samaki wa dhahabu waliotupwa mtoni Australia wamefika karibu kilo mbili, wanachimbua matope na kula mayai ya wenyeji. Asiwapeleke mtu ziwani.

Wa tatu nimeongeza juzi, oranda mwenye kofia ya nyama kichwani, Sh1,500, baada ya kukaa kwenye matangi ya utepe mwekundu na baada ya maji yangu kupimwa tena. Wa nne ameshanikatalia.

Ukitaka kwenda: hufungua saa tatu asubuhi, ila mwenyewe huwa hayupo Jumatatu mpaka mchana kwa sababu ndiyo siku mzigo wa Nairobi unafika, na Jumapili wamefunga. Nenda alasiri ya Jumanne au Jumatano. Beba vipimo vya mahali tangi litakapokaa na chupa ya maji ya mfereji wako, na mwenyewe asipokuwepo nunua chakula tu, cha kopo.